Ar-Razi: Tabibu Aliyezipambanua Chumvi

Msafiri atokaye Pwani akafika Nakuru kwa mara ya kwanza, wenyeji wake humpeleka kulitazama ziwa. Naye kwa kuwa ni mtu wa bahari, hudhani atakuta maji kama ayajuayo. Maji ya Ziwa Nakuru si ya bahari. Ukiyatia mkono huteleza vidoleni mithili ya maji ya sabuni, na katika miaka ya ukame ziwa hilo limekuwa likinywea na kuacha ukingoni ukoko mweupe, ambao upepo huuinua ukawa vumbi. Wako wasemao kwamba hata jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Ukoko huo si mgeni kwa mpishi wa Pwani. Ni ndugu wa magadi yale yale ambayo mama zetu huyatia chunguni ili kunde na maharagwe yalainike upesi, na ambayo wazee wetu waliyachanganya na tumbaku. Maziwa ya Bonde la Ufa, yaani Nakuru, Elmenteita na Bogoria, pamoja na Magadi lenyewe kule kusini, ni kama masufuria makubwa yaliyowekwa juani. Mvua hupenya katika mawe ya volkano, ikayeyusha chumvi zilizomo na kuziteremsha bondeni. Na kwa vile ziwa halina mto wa kutokea, jua huyachukua maji, chumvi zikabaki.

Karibu miaka elfu moja kabla ya reli kufika Nakuru, alikuwako tabibu mmoja wa Kiislamu aliyeyaandika magadi ya namna hii kitabuni mwake, akayapa mahali pao miongoni mwa madini na chumvi alizozijaribu kwa mkono wake. Yeye aliyajua kwa jina la natruni. Tabibu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya ar-Razi.

Yafaa kwanza tuondoe utata. Wengi wetu tuliokaa katika darsa za misikitini tumezoea kulisikia jina la ar-Razi likitajwa katika tafsiri ya Kurani. Yule ni Fakhruddin ar-Razi, mfasiri mkubwa aliyefariki katika mwaka wa 606 Hijria. Huyu tunayemzungumza leo alimtangulia kwa karibu miaka mia tatu. Wote wawili waliitwa ar-Razi kwa sababu ya mji wa Rayy, mji wa kale wa Uajemi uliokuwa karibu na mahali ulipo leo mji wa Tehran.

KIJANA NA UDI WAKE

Mwanachuoni al-Biruni, ambaye alijitaabisha kukusanya orodha ya vitabu vya ar-Razi, ameandika kwamba alizaliwa Rayy katika mwezi wa Shaaban mwaka wa 251 Hijria, sawa na mwaka wa 865 Miladia. Ujanani mwake, kama wasimulizi wanavyoeleza, alikuwa mpigaji udi na mwimbaji. Ndevu zilipomwota akauacha uimbaji, akiona kwamba sauti itokayo baina ya masharubu na ndevu haina utamu wa kusikilizwa.

Akageukia al-kimiya. Katika zama zile elimu hiyo ilikuwa na sura mbili. Sura moja ilikuwa tamaa ya kuigeuza shaba au risasi iwe dhahabu, na ar-Razi, tuseme kweli, alikuwa mmoja wa walioamini kuwa jambo hilo lawezekana. Sura ya pili ilikuwa kazi yenyewe: kuyeyusha, kuchoma, kuchuja, kugeuza mvuke ukawa maji tena, na kutazama kila kitu kinageuka vipi kikikutana na kingine. Dhahabu hakuipata. Bali katika ile kazi alipata jambo ambalo halijatoka mikononi mwa wanadamu mpaka leo.

Kazi hiyo ilimdhuru. Al-Biruni anaeleza kwamba moto na mivuke mikali viliyaumiza macho yake, na kutafuta dawa ya macho ndiko kulikomfikisha katika utabibu. Husimuliwa pia kwamba tabibu wa macho alimtoza dinari mia tano, kisha akamwambia kuwa hiyo ndiyo kemia ya kweli, wala si ile aliyokuwa akihangaika nayo. Kiwe kisa hicho kimetukia au kimetungwa, ni wazi kwamba ar-Razi aliingia katika utabibu akiwa mtu mzima, macho yake yakiwa tayari yamekwisha kuonja ukali wa tanuri.

VITU VYOTE KATIKA MAFUNGU YAKE

Kwa ombi la mwanafunzi wake mmoja kutoka Bukhara, ar-Razi aliandika kitabu kiitwacho Kitab al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri. Jina lake lina siri, lakini ndani yake siri zimefunuliwa. Wengi waliomtangulia waliandika mambo ya kemia kwa mafumbo, ili asiyekuwa wao asifahamu. Yeye aliandika kama fundi amfundishaye mwanawe kazi. Kwanza alieleza vitu vya kutumia, kisha vyombo, kisha namna ya kufanya. Alitaja mivukuto, koleo, vyungu vya kuyeyushia na tanuri. Akaeleza anbiki, chombo cha kuukusanya mvuke, pamoja na mdomo wake na kipokeo chake.

Vitu vya ardhini alivigawa mafungu sita. La kwanza ni roho nne, yaani vitu virukavyo motoni: zebaki, nushadiri, kibiriti na zarnikhi. La pili ni miili saba, ambayo ni dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi, na madini aliyoyaita kharsini, yenye kunasibishwa na Uchina. Kisha mawe, kisha zaji, ambalo ni fungu la kina mrututu, kisha boraki sita, na humo ndimo ilimo natruni, ndugu wa magadi yetu, na mwisho chumvi za namna kumi na moja.

Msomaji wa Pwani akiyasikia majina haya hana haja ya mkalimani. Zebaki, kibiriti na risasi ni maneno tunayoyasema kila siku, nayo yametufikia kwa Kiarabu kile kile alichokiandikia ar-Razi.

Kwa nini mafungu haya yalikuwa jambo kubwa? Kwa sababu unga mweupe huwa ni unga mweupe tu machoni mwa asiyejua. Chumvi ya kula, magadi, shabu, nushadiri na chokaa vyote ni vyeupe. Mwenye kuvitenga ni yule aliyevijaribu: kipi kinaruka motoni, kipi kinayeyuka majini, kipi kinauma ulimi, kipi kikikutana na siki hutoa povu. Ar-Razi aliyatazama matendo ya vitu kabla ya sura zake.

MAJI MAKALI

Tuchukue mfano mmoja katika kazi zake. Alifundisha kutengeneza maji makali kwa kuchukua magadi yaliyochomwa na chokaa isiyozimwa kwa kipimo sawa, kisha kumimina juu yake maji mara nne ya kipimo hicho. Mchanganyiko huachwa siku tatu, huchujwa, kisha hutiwa tena magadi na chokaa, na kazi hiyo hurudiwa mara saba.

Watu wa Pwani wanaijua chokaa, maana babu zetu waliichoma kwa matumbawe ya bahari wakajengea nyumba na misikiti. Chokaa hiyo ikikutana na magadi majini huyanyang'anya sehemu yake moja, ikageuka unga kama chaki na kutuama chini. Yanayobaki juu ni maji ya magadi yaliyo makali mno, yenye kuchoma ngozi na kugeuza mafuta kuwa sabuni. Ndiyo hayo ambayo watengenezaji sabuni wa leo huyaita kostiki. Tafadhali msomaji ulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mfano wa pili ni wa zebaki. Ar-Razi alikuwa na kima nyumbani kwake, akamnywesha zebaki ili aone itamfanya nini. Kima aliugua tumbo, akajikunja na kuuma meno, lakini hakufa. Na bado ar-Razi akaonya kwamba zebaki iliyogeuzwa motoni pamoja na vitu vingine ikawa kama chumvi nyeupe ni sumu ya kuua, yenye kukata matumbo na kutoa damu. Yaani madini ni yale yale, lakini yakifungamana na kitu kingine huwa kitu kingine. Hiyo ni nguzo mojawapo ya kemia yote. Leo twajua zaidi kwamba hata mvuke wa zebaki tupu ni sumu ya polepole kwa ubongo, na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Afrika Mashariki wanaoichoma zebaki juu ya makaa wamo hatarini.

Tindikali zenye nguvu kama tunazozijua sasa zilikuja kufahamika vizuri baada ya zama zake, na zilipatikana kwa njia ile ile ya kuchoma zaji na chumvi na kuukusanya mvuke katika anbiki. Tindikali ya namna hiyo ikimwagiwa kipande cha zinki hukitafuna, yakatoka mapovu ya hewa iwakayo, nayo zinki ikapotea katika maji. Maji hayo yakikaushwa, kinachobaki ni chumvi. Hivyo chumvi nyingi si kitu cha asili peke yake, bali ni mwana wa madini na tindikali.

TABIBU WA MASKINI

Ar-Razi aliongoza hospitali ya Rayy, kisha akaongoza hospitali huko Baghdad. Kitabu chake cha utabibu kiitwacho al-Mansuri alimtungia gavana wa Rayy, Mansur bin Ishaq. Lakini aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu, ajitibu kwa vitu vilivyo karibu naye. Ibn an-Nadim, aliyeandika nusu karne tu baada yake, anamsifu kwa ukarimu na huruma: aliwapa maskini na wagonjwa posho, akawauguza yeye mwenyewe. Tena hakuonekana ila akiandika au akinakili.

Tabia ile ile ya kutenganisha vinavyofanana aliitia katika magonjwa. Katika risala yake juu ya ndui na surua alieleza dalili za kila mojawapo, wakati ambapo wengi waliyachanganya. Risala hiyo ilifasiriwa Ulaya ikachapishwa mara nyingi. Na mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merka, katika pwani ya Somalia, mwaka wa 1977. Ugonjwa alioueleza ar-Razi ulikoma si mbali na kwetu.

Haifai kuficha kwamba hakupendwa na wote. Katika mambo ya falsafa na ya dini alisema maneno ambayo wanazuoni wengi waliyakataa kwa ukali, na al-Biruni mwenyewe aliyeorodhesha vitabu vyake 184 alimlaumu katika hayo. Lakini waliompinga katika itikadi hawakuacha kutumia dawa zake. Walijua kutenganisha, kama yeye alivyojua.

MACHO YALIYOZIMIKA

Uzeeni ar-Razi alipofuka. Juu ya jambo hili watu wamezua hadithi. Iliyoenea sana ni kwamba Mansur alimpa dinari elfu moja kwa kitabu cha kemia, akamtaka aonyeshe dhahabu. Alipoishindwa, Mansur akaamuru apigwe kichwani kwa kitabu hicho mpaka kikachanika, na maji yakaingia machoni.

Hadithi hiyo ni tamu kwa msimulizi, ila ar-Razi mwenyewe ametuachia maelezo mengine. Katika risala aliyoiandika kuutetea mwenendo wake, anaeleza kwamba katika mwaka mmoja aliandika kurasa zaidi ya elfu ishirini kwa herufi ndogo kama za hirizi, na kwamba alikaa miaka kumi na tano katika kitabu chake kikubwa, usiku na mchana, mpaka macho yakadhoofika na misuli ya mkono ikaharibika. Baada ya hapo alikuwa akimtaka mtu amsomee na kumwandikia. Moto na mivuke ya ujana wake viliyaonja macho hayo kwanza, na kalamu ikaja kuyamaliza. Yasemekana alipoambiwa kuwa yaweza kupasuliwa apate kuona, alikataa, akiona kwamba dunia amekwisha kuiona vya kutosha. Kwa hesabu ya al-Biruni alifariki Rayy mwezi wa Shaaban, mwaka wa 313 Hijria, yaani 925 Miladia.

Karatasi zake nyingi zilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid alizinunua kwake kwa mali nyingi, na wanafunzi wa marehemu wakazipanga, ndipo kikapatikana kile kitabu kikuu cha utabibu kiitwacho al-Hawi. Lau dada huyo angezitumia kuwashia moto, dunia ingekuwa maskini zaidi.

KUTOKA NATRUNI HADI UMEME

Sasa turudi kwenye kostiki. Katika mwaka wa 1800 Volta wa Italia alitangaza chombo chake cha kwanza cha kutoa umeme mfululizo, alichokitengeneza kwa visahani vya madini mawili na maji ya chumvi kati yao. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1807, Humphry Davy wa London aliiyeyusha kostiki motoni, akapitisha umeme ndani yake. Upande mmoja yakajitokeza madini meupe yenye kung'aa, laini kiasi cha kukatika kwa kisu, yenye kuwaka yakitupwa majini. Madini hayo yalikuwa yamefichwa katika magadi tangu kuumbwa kwake, na moto wa tanuri haukuwa umeyatoa. Umeme ndio uliovunja kifungo. Waingereza huyaita sodiamu. Lakini alama yake katika vitabu vya kemia vya dunia nzima ni Na, nayo imetokana na natruni, jina lile lile alilolitumia ar-Razi. Na mwenziwe potasiamu ana alama ya K, kutokana na al-qali ya Kiarabu. Mtoto wa shule wa Nakuru au wa Lamu anayeandika Na ubaoni anaandika neno la wazee hao bila kujua.

Kwa njia hiyo hiyo ya umeme leo bangili ya shaba huvikwa utando wa dhahabu. Waliotaka kuigeuza shaba walipata hilo tu: nje dhahabu, ndani shaba.

Nakuru nayo ilikuwa na fungu lake. Kwa zaidi ya miaka arobaini mji huo ulitengeneza mawe ya tochi na redio katika kiwanda cha Eveready, hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mawe ya zinki na kaboni ya namna ile ni ukoo ulioanza katika karne ya kumi na tisa kwa zinki kulowekwa katika maji ya nushadiri, ile roho ya pili katika fungu la kwanza la ar-Razi. Ndani ya jiwe zinki huliwa polepole, na katika kuliwa kwake hutoa umeme. Alilolifanya Davy ni kinyume chake: aliutia umeme ili avunje chumvi, na jiwe la tochi huvunja madini ili litoe umeme. Wangapi miongoni mwetu tulisikiliza taarabu na habari za magharibi kwa redio zilizotiwa mawe ya Nakuru!

SOMO LINALOBAKI

Lakini faida kubwa ya ar-Razi kwa watu wa Bonde la Ufa si ya tochi. Ni ya maji ya kunywa. Mawe ya volkano hayatoi magadi peke yake. Hutoa pia floraidi, ambayo kidogo chake huimarisha meno na kingi chake huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana huikaza mifupa na viungo. Katika sehemu nyingi za Nakuru maji ya visima yanayo floraidi ya kupita kiasi, na utawaona watu wazima na watoto wenye meno ya rangi hiyo. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imewahi kuwapa watu vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa chumvi ya mifupa huishika floraidi na kuyaachilia maji. Na uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba baadhi ya magadi ya kupikia yana floraidi nyingi, nayo yamechangia kuyaharibu meno ya watoto. Hivyo mpishi ambaye maji ya kwao yana floraidi afadhali aloweke kunde usiku kucha kuliko kuyategemea magadi.

Maji yenye floraidi ni meupe, safi, na hayana harufu. Jicho haliwezi kuyatambua, wala ulimi. Anayetambua ni mwenye kupima. Hili ndilo aliloishi nalo ar-Razi, na ndilo lililomfanya atenganishe zebaki na chumvi yake, ndui na surua, natruni na chumvi ya kula.

Siku hizi maji ya Ziwa Nakuru yamepanda. Tangu miaka ya 2010 yamefunika nchi kavu iliyokuwa ukingoni, ule ukoko mweupe umezama, na heroe wengi wamehamia maziwa mengine. Magadi hayakutoweka, yamo majini, hayaonekani tu. Mwenyezi Mungu amsamehe ar-Razi aliyokosea, na amlipe kwa yale aliyotunufaisha nayo.